Kufunga Mlango kwa Kisigino

Shemeji yangu alifanya kazi bila viatu kwa miaka ishirini na miwili. Si kwamba hakuwa navyo. Alikuwa na jozi moja nyeusi ya ngozi ambayo aliipiga rangi kila asubuhi, akaivaa mpaka kituo cha redio, akaivua nje ya studio na kuiacha imeelekea ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa. Ndani aliingia na soksi. Mtu wa kazi yangu hatakiwi kusikika, alikuwa akisema, maana miguu yangu haimo kwenye hadithi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza sauti za michezo ya redio. Waigizaji walisema maneno, naye akafanya yaliyobaki yote: mvua, farasi, ngumi, mafuriko. Kunde kavu zikizungushwa kwenye ungo zilikuwa bahari. Mfuko wa nailoni ukifinyangwa polepole ulikuwa moto. Bati lililoning'inizwa kwa kamba lilikuwa radi, na siku moja lilimwangukia mguuni, akalia kimoyomoyo mpaka taa nyekundu ya kurekodi ilipozimwa. Mimi nilikuwa mchapaji wa miswada katika kituo hichohicho, na mke wake ni dada yangu mkubwa, kwa hiyo nilimwona kazini na nikamkuta nyumbani, na siri zake zote zilinipitia, nipende nisipende.

Dada anashona sare za shule sebuleni kwake, karibu na dirisha, kwa mashine ya kukanyaga. Miaka ile, kila alipotaka kupika alikuta kitu hakipo. Ungo uko studio. Mfuniko wa sufuria kubwa uko vitani. Karoti alizonunua jana zimevunjwa zote, kwa sababu karoti ikivunjwa karibu na maikrofoni ni mfupa wa mtu. "Leo hakuna karoti," alikuwa akitutangazia mezani, uso mkavu kabisa. "Kuna bwana amevunjika miguu yote miwili." Binti zake wawili, ambao sasa wameolewa na wana sufuria zao wenyewe, walikulia katika nyumba hiyo wakidhani kila baba hurudi kutoka kazini na ungo kwapani.

Mchezo uliompa jina shemeji yangu, ingawa jina lake halikutajwa hewani hata mara moja, ulikuwa wa Mpasuanjia. Ulirushwa kila Ijumaa saa moja na nusu jioni, na uliendelea miaka kumi na mmoja. Mpasuanjia alikuwa seremala aliyetoka nyumbani siku moja kumtafuta ndugu yake aliyepotea, na tangu hapo hakutulia. Alipigana na wezi wa mifugo, akavuka jangwa, akazama na kuibuka. Kila baada ya safari alirudi kwa mkewe, akakaa sehemu moja tu ya mchezo, kisha mtu akabisha hodi na habari mbaya, naye huyoo akaondoka tena.

Miye ndiye niliyechapa sehemu zote mia tano na ushee, na nakwambia ukweli, nilimchoka. Mkewe katika miaka yote hiyo alipewa maneno matatu: "Umerudi?", "Kula kwanza," na "Nenda salama." Mama aliyeigiza nafasi hiyo alikuwa akifuma sweta wakati wa kurekodi, mpaka fundi mitambo akalalamika kwamba sindano zake zinasikika jangwani.

Sasa nieleze kuhusu mlango, maana bila mlango hamtanielewa. Shemeji alijitengenezea mlango mdogo wa mbao, unaofika kifuani, wenye fremu, bawaba, kitasa na komeo, uliosimama wenyewe katikati ya studio. Mlango huo ulikuwa na sheria zake. Anayeondoka, alisema, huufunga kwa mkono, kwa sababu anaushika mpaka dakika ya mwisho. Anayerudi huusukuma kwa kisigino, kwa kuwa mikono yake imejaa mizigo na macho yake yameshatangulia ndani. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma. Nani atasikia tofauti hiyo redioni, katikati ya mikwaruzo na watoto wanaolia? Yeye akajibu kwamba mke wake anasikia. Tukaona ni mapenzi yanamsemesha, tukamwacha.

Kisha ikaja barua kutoka ofisi za juu. Mpasuanjia anakwisha, na nafasi yake ya Ijumaa inapewa kipindi cha salamu. Waigizaji wangetafuta mambo mengine. Shemeji, ambaye alikuwa na miaka hamsini na mmoja, angehamishiwa stoo ya kanda za sauti, kufuta vumbi na kupanga maboksi mpaka astaafu. Stoo ile haina dirisha. Hata hivyo ilikuwa kazi, na ilikuwa karibu na nyumbani, na mimi nikamwambia ashukuru.

Wiki hiyohiyo akanisubiri nje ya chumba cha uchapaji, akatoa bahasha mfukoni mwa shati. Kikundi cha maigizo ya jukwaani kilikuwa kinajiandaa kuzunguka nchi baada ya nchi kwa miaka miwili, na walimtaka. Mkuu wao aliandika kwamba amekua akisikiliza Mpasuanjia tangu shuleni na kwamba hakuna mtu mwingine anayeweza kufanya bahari nyuma ya pazia. Jibu walilitaka mwisho wa mwezi. Nilisoma mara mbili, nikamwuliza kama dada ameiona. Akaangalia soksi zake.

Hapo hasira zikanipanda. Nilimwambia mtu wa umri wake hakimbii dunia kama kijana aliyekosana na baba yake. Nilimwambia nimechapa miaka kumi na mmoja ya mwanamke anayesema "Kula kwanza", na sitamwona dada yangu akigeuzwa kuwa yeye. Nikamtajia mashine ya dada inayohitaji kutiwa mafuta, na goti la dada, na wajukuu. Sikumwacha hata ajibu. Aliponyamaza, nikachukua ukimya wake kuwa amekubali, nikaingiza karatasi kwenye mashine, nikamchapia barua ya kukataa kwa heshima zote. Niliichapa bila kosa hata moja, jambo ambalo halikuwahi kunitokea. Aliikunja akaiweka mfuko uleule, na ile nyingine. Hakuitia saini.

Kumbe wakati huohuo kituo kizima kilikuwa kinagombana juu ya jambo lilelile. Wasikilizaji walisikia kwamba mchezo unakwisha, wakaleta barua za kujaza magunia mawili. Nusu yao walimtaka Mpasuanjia arudi nyumbani, avae aproni ya useremala na kuzeeka vizuri. Nusu walisema akirudi wao watazima redio, kwa maana shujaa anayekaa kwenye kiti si shujaa, ni jirani. Mwandishi wetu, mtu mwembamba mwenye koti moja na maoni mengi, alikuwa upande huu wa pili. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na nilisema hivyo kila nilipompelekea kurasa, hata alipokuwa hajaniuliza.

Shemeji hakusema yuko upande gani. Alisema neno moja tu kwenye mkutano, nalo nimelikumbuka. Alisema vita ni rahisi, unapiga mabati mpaka uchoke, ila nyumba ndiyo ngumu kuifanya. Miaka yote hakuwahi kupata sauti ya mtu aliyerudi kwake na kutulia. Alijaribu kijiko, alijaribu kiti, alijaribu kushusha pumzi. Kila mara ilisikika kama mtu anayengoja basi.

Mwishowe mwandishi akaona njia ya kuwakimbia wote. Ukurasa wa mwisho aliuandika hivi: Mpasuanjia amesimama mlangoni mwa nyumba yake, mkewe anamwangalia, hakuna anayesema neno. Mlango unafungwa. Mwisho. Kama amebaki ndani au ametoka, kila msikilizaji ajiamulie. Alijipongeza sana. Shemeji akamwambia kwa upole kwamba hakuna mlango unaofungwa tu, lazima mtu awe upande mmoja. Mwandishi akamjibu afunge anavyojua.

Tulipokuwa tunatoka, shemeji akaninong'oneza kwamba atafunga kwa kisigino. Nilifurahi kama niliyepewa zawadi. Nilielewa amekata shauri, na barua yangu itatumwa.

Tulirekodi Jumatano asubuhi. Nilikuwa nyuma ya kioo pamoja na fundi mitambo na mwandishi, nikifuatisha mswada kwa kidole. Mama wa sweta alisema "Umerudi?" kwa mara ya mwisho, na sauti ikamkatika kidogo. Mpasuanjia hakujibu. Shemeji akausogelea mlango wake mdogo, akaupa mgongo, akainua kisigino. Nilimwona. Mguu ulikuwa juu kabisa. Kisha akaushusha, akageuka, akashika kitasa kwa mkono, akauvuta mlango polepole mpaka ulimi wa kitasa ukaingia mahali pake.

Akabaki ameshika kitasa muda kidogo. Halafu, akidhani fundi ameshazima, akatembea kuelekea nje. Ko, ko, ko, hatua tatu zikaenda zikififia. Shemeji yangu alikuwa amevaa viatu. Baada ya miaka ishirini na miwili, siku hiyo alisahau kuvivua, na hakuna hata mmoja wetu aliyeangalia miguu yake.

Fundi akacheka, akasema si kitu, tutakata. Mwandishi akaja juu, akasema hatua zile zimeamua hadithi, mtu ameondoka waziwazi. Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani ya studio. "Rudia, Shemeji," nilimwambia. "Rudia kwa kisigino, kama ulivyosema."

Alimwomba fundi arudishe mkanda. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Akaomba tena, na tena. Mara ya tatu nilimwona usoni, na ni uso wa mtu aliyekutana na jamaa yake njiani asitegemee.

"Huyo anaondoka," alisema.

"Basi rudia."

"Nikirudia itakuwa uongo, Shemeji. Na dada yako atausikia."

Mwandishi alizungukazunguka na koti lake, akasikiliza mara mbili zaidi, na mwisho akasema zibaki. Nadhani moyoni alikuwa amepata alichokitaka tangu mwanzo. Mimi niliondoka bila kumuaga mtu.

Siku mbili shemeji hakufungua mdomo nyumbani. Huyu ni mtu anayeweza kufanya tetemeko la ardhi kwa meza na mnyororo, lakini kumwambia mkewe jambo zito hawezi. Ijumaa jioni nilikwenda kwao mapema, nikakaa kwenye kochi kati ya marundo ya sare za buluu, nikijiambia kwamba asiposema yeye nitasema mimi. Saa moja na nusu dada akawasha redio, kama kila Ijumaa, na akaendelea kushona. Shemeji alikaa kwenye kiti chake, mikono magotini.

Mchezo ukaenda mpaka mwisho wake. "Umerudi?" Kimya. Mlango ukafungwa, polepole, kwa mkono. Ko, ko, ko.

Mguu wa dada ukasimama juu ya kikanyagio. Redio ikaanza kupiga muziki wa kufunga kipindi. Yeye akainuka, akaizima, akageuka.

"Umevaa viatu," alimwambia mumewe.

Shemeji akaitikia kwa kichwa.

"Zile ni hatua zako. Kiatu cha kushoto kimelika kisigino. Unakwenda wapi?"

Nimemjua dada yangu maisha yangu yote, na sikuwahi kumwogopa kama dakika ile. Shemeji akatoa barua mbili mfukoni, akampa. Dada akasoma ya kikundi cha maigizo, taratibu, midomo ikitikisika. Kisha akasoma ile ya kukataa, akaniangalia mimi, kwa kuwa herufi za mashine yangu anazijua. Nikaanza kueleza habari za goti na mafuta ya mashine. Akaniambia ninyamaze, nikanyamaza.

"Mpasuanjia aliondoka bila kumwuliza mkewe," alimwambia shemeji. "Wewe umetaka kukataa bila kuniuliza. Sioni mmetofautiana nini."

Shemeji akasema aliona haya. Akasema ana miaka hamsini na mmoja, amefanya bahari maelfu ya mara na hajawahi kuiona hata moja, na kwamba alidhani hamu hiyo ingepita kama kikohozi. Nusu ya maneno hayo aliyaambia sakafu.

Dada akalia. Alilia wazi, bila kujificha, akajifuta kwa mkono wa sare ya mtoto wa watu. Akasema anaogopa nyumba itakuwa kimya, anaogopa atazoea kuwa peke yake, na anaogopa zaidi kumtazama mume wake akikauka kwenye stoo isiyo na dirisha kwa sababu yake. Kisha akapiga moyo konde.

"Mimi siyo yule wa kula kwanza," alisema. "Nina mashine yangu, nina wateja wangu, nina huyu mdomo hapa," akaninyooshea kidole, "atakuja kila Ijumaa apende asipende. Nenda. Lakini ukija, usinipigie hodi kama mgeni. Rudi kwa kisigino, nikusikie."

Barua yangu isiyo na kosa aliichana, vipande akavitia kwenye kopo la nyuzi. Nilikuwa nimemlinda dada yangu kutokana na jambo ambalo hakuna aliyemwuliza kama analiogopa.

Shemeji aliondoka mwisho wa mwezi na begi moja, na ungo. Dada mwenyewe aliufunga ungo kwa kamba juu ya begi, akamwambia sasa na huo ukaone dunia badala ya kuigiza tu. Ule mlango mdogo, ambao kituo kilitaka kuutupa, uliletwa nyumbani ukasimamishwa sebuleni, na dada akawa anatundikia sare zilizokwisha kushonwa. Barua zilikuja, fupi, zimejaa sauti. Aliandika jinsi mvua inavyolia juu ya hema, jinsi treni inavyoanza kusikika miguuni kabla ya masikioni. Alipoiona bahari aliandika mistari miwili tu: kwamba kunde hazikuwa mbali sana na ukweli, ila alikuwa akizizungusha haraka mno. Dada alinisomea mstari huo mara nne.

Si kwamba miaka ile ilikuwa myepesi. Kuna Ijumaa nilimkuta amekaa na redio imezimwa, hashoni wala hasemi, na kuna Ijumaa tulipiga soga tukacheka mpaka majirani wakatuuliza kuna nini. Goti lilimsumbua. Mashine niliitia mafuta mimi, vibaya, nikachafua gauni la watu. Alijifunza kulala katikati ya kitanda. Nilipomwuliza kama anajuta, aliniambia kuna siku anajuta mpaka saa nne asubuhi, kisha wateja wanakuja.

Ilipita miaka miwili na mwezi mmoja. Ilikuwa alasiri, shule zinakaribia kufunguliwa, dada ana rundo la marinda mbele yake na pini mdomoni, nami nafungua pindo nililolishona upande usio wake. Tukasikia hatua barazani. Kisigino cha kushoto kilikuwa kimelika zaidi. Dada hakuinua uso, ila mkono wake uliacha kusukuma kitambaa.

Hakuna hodi iliyopigwa. Mlango ukafunguliwa, mtu akaingia kwa upande kwa ajili ya mizigo, na nyuma yake mlango ukasukumwa ukafungwa kwa kisigino, pu, kama kitu kisicho na haja ya kutazamwa. Shemeji alikuwa amekonda, ndevu zimeingia mvi. Begi mkono huu, ungo uliotoboka mkono ule, na kwapani kifurushi cha karatasi ambacho baadaye tulijua kina karoti, alizozinunua kituoni kwa ajili ya deni la zamani. Nilifungua mdomo nimkaribishe, nimpokee, nilie, yote kwa pamoja.

Dada akanizuia kwa mkono. Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichoma zote kwenye kimto chake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi na alikuwa anatabasamu.

"Vua viatu," alimwambia.

Shemeji akaweka mizigo chini, akakaa kwenye kiti chake, akainama kufungua kamba. Nikasikia kiatu cha kwanza kikianguka sakafuni. Akabaki amekishika cha pili, ameinamisha kichwa, anasikiliza, na nikajua amepata ile sauti aliyoitafuta miaka yote. Kisha akakiachia nacho kikaanguka, na dada akarudisha mguu kwenye kikanyagio.